Matairi Mawili Ndani ya Buti

Kwa miaka kumi na tisa fundi mmoja wa miwani alikwenda kazini kwa baiskeli, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika dukani saa mbili na dakika moja. Wenzake walimwita Saa Mbili. Jina likamganda hata baadhi ya wateja wakadhani ndilo alilopewa na mama yake. Saa ya ukutani pale dukani ilikuwa imesimama zamani, na mwenye duka, mama mmoja asiyependa kuhangaika na mafundi wa nje, hakuona haja ya kuitengeneza. Fundi akiingia, ni saa mbili. Akiinuka kwenda kula, ni saa saba. Biashara ilikwenda vizuri tu.

Mvua haikubadili ratiba hiyo. Siku za mvua Saa Mbili alifunga mifuko ya nailoni juu ya viatu kwa mipira ya kufungia makaratasi, akavaa koti lake la plastiki lililochanika kwapani, na suruali ya kazini akaikunja ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko cha kubana, iliyofungwa mbele ya usukani. Akifika dukani aliingia chumba cha mashine ya kusagia lensi akiwa kama kitu kilichoopolewa kisimani, akatoka baada ya dakika nne akiwa mkavu na amechana nywele. Watu walipomwuliza kama hasikii baridi, alijibu, "Mvua ni maji tu." Walipomwuliza kuhusu upepo, alijibu, "Upepo ni hewa tu." Hatimaye waliacha kumwuliza.

Aliyeona aibu kwa niaba yake ni baba mkwe.

Mzee huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ambayo hatoki nyumbani, na kwa miaka kumi na sita, tangu Saa Mbili amwoe binti yake, wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa ncha za vidole na kuulizana habari za kazi. Jumapili moja ya masika Saa Mbili alifika kumjulia hali, madigadi ya nyuma ya baiskeli ikiwa imeanguka njiani. Alipoinuka sebuleni kupokea chai, wageni wote waliona mstari wa tope uliopanda mgongoni kwake kutoka kiunoni hadi kwenye kola, umenyooka sawasawa. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akimwuliza binti yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Na mumeo bado anaendesha ile?"

Kisha macho ya mzee yakaanza kufanya ukungu. Aligonga geti lake mwenyewe kwa gari. Mara ya kwanza alisema geti limelegea. Mara ya pili alishuka, akalipapasa geti kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata alimwita mkwewe na kumkabidhi ufunguo.

"Gari hili chukua," alisema. "Sikupi kwa ajili yako. Nakupa kwa ajili ya majirani."

Mtu atamkataliaje baba mkwe? Saa Mbili aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Lilikuwa gari jeupe, refu, la kizamani, lenye viti vinavyonata mapajani. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, ingawa hakuwa amepata nafasi ya kuichosha. Aliliendesha kama anavyoendesha baiskeli: akibana pembeni kabisa mwa barabara, na akitaka kukata kona alitoa mkono dirishani.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, alifurahi mpaka akamkumbatia mbele ya watu. Naye Saa Mbili hakuwa mtu wa kukana ukweli: ndani ya gari palikuwa pakavu. Waipa zilikwenda kulia na kushoto, redio ikasema, miguu ikapata joto. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba gari halikwenda. Mvua ikinyesha kila mwenye gari alitoka nalo, na kila aliyetoka nalo alilisimamisha mbele yake. Jumatatu alifika kazini saa mbili na nusu. Jumanne saa tatu kasoro robo. Jumatano mwenye duka alimtazama akiingia, akaitazama saa iliyosimama, akasema, "Sasa mimi nitajuaje saa ngapi?"

Ndiyo maana wiki ya pili Saa Mbili aliifungua baiskeli gurudumu la mbele, akailaza ndani ya buti na kuifunika kwa blanketi. Kifuniko cha buti hakikufunga vizuri, akakikaza kwa kamba. Hakuwa na mpango wowote nayo. Ilimpa amani tu, kama mtu anayepanda ghorofani kwa lifti na kuhakikisha kwanza ngazi ziko wapi.

Mkewe aliigundua siku ya tatu. "Baba watoto," alisema, "hiyo ni nini?"

"Akiba."

Mwalimu wa hesabu alifikiri kidogo, akakifunga tena kifuniko.

Mzee alipata nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali upande wa pili wa mji. Alikuwa ameisubiri miezi mitano. Karatasi ilisema afike saa nne asubuhi bila kukosa, na chini yake, kwa wino mwekundu, kwamba asiyefika atampisha anayefuata na kupangiwa tarehe upya. Binti yake alikuwa na mtihani wa kusimamia, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ikamwangukia mkwe.

Waliondoka saa moja na nusu, mvua ikimwagika kama ina hasira na mtu. Mzee alikaa mbele, wima, mikono juu ya magoti, shati limepigwa pasi.

"Kuna kitu kinagonga nyuma," alisema baada ya kona ya kwanza.

"Ni tairi, baba."

"Tairi la akiba halipaswi kugonga."

"Nitalikaza, baba."

Hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameacha tu kutaja idadi.

Safari yote ilikuwa kilomita nane. Nne za kwanza walizimaliza kwa saa moja na nusu, kisha wakasimama kabisa. Mbele yao taa nyekundu za magari zilifuatana mpaka mvua ilipozimeza. Mtu wa lori la mbele alikuwa amezima injini na kufungua gazeti.

"Tumefika wapi?" mzee aliuliza.

"Pale pale, baba."

"Pale pale pa saa ile?"

"Pa saa ile."

Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Kushoto kwako kuna ghala la mbao?"

"Lipo."

"Basi mbele barabara inashuka. Maji yamejaa bondeni?"

Saa Mbili alishusha kioo, akachungulia, akapigwa na mvua usoni, akapandisha kioo. "Yamejaa. Kuna gari dogo linaonekana paa tu."

Uso wa mzee ulichanua. "Niliwaambia," alisema. "Barabara hii nimeipima mimi. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Nikasema hapa painuliwe mita moja na nusu, la sivyo maji yatakaa. Mkubwa wangu akaniuliza kama mvua ndiyo iliyonituma."

Kwa robo saa nzima aliifurahia ile foleni kama mtu aliyeshinda kesi baada ya kila shahidi kufariki. Saa Mbili hakutaka kumharibia. Lakini saa ya kwenye dashibodi ilisoma saa tatu na dakika ishirini, na hatimaye ilibidi aseme.

"Baba, saa nne hatufiki."

Waipa zilipiga kulia na kushoto, na mzee aliposema tena sauti ilikuwa nyingine.

"Miezi mitano mingine siiwezi, mwanangu. Juzi nilimwamkia mtu barazani kwangu. Nikamwuliza habari za nyumbani. Hakujibu, nikaona ana dharau. Kumbe ni koti nililolitundika mwenyewe." Alifuta magoti yake kwa viganja, ingawa yalikuwa makavu. "Mwenzako sijamwambia."

Saa Mbili aliushika usukani wa gari lisilokwenda. Alikuwa hajawahi kuitwa mwanangu.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Lile tairi linalogonga nyuma."

"Limefanya nini?"

"Ni baiskeli."

Mvua iligonga paa la gari. Mtu wa lori alifungua ukurasa mwingine.

"Baiskeli," mzee alisema, "ndani ya gari langu."

"Ndani ya buti, baba."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Mzee aligeuza uso dirishani, akatazama mahali ambapo hakuona chochote. Halafu akauliza, kwa sauti kavu ya ofisini, "Ina keria?"

"Inayo."

Saa Mbili alilisogeza gari ukingoni kadiri alivyoweza, akaitoa baiskeli na kuifunga gurudumu la mbele huku maji yakimwingia shingoni, akakunja blanketi mara nne na kulifunga juu ya keria. Koti la plastiki alimvika mzee. Mzee aliuliza kuhusu kwapa lililochanika, akaambiwa ni la hewa.

Barabarani hakukuwa na njia. Maji ya bondeni yangefika kifuani. Lakini mzee, akiwa amekaa keria kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha kinyozi asichokiamini, alinyoosha kidole kulipita ghala.

"Nyuma ya ghala kuna njia ya bomba la maji. Inapita juu ya kilima, inatokea karibu na hospitali. Vigingi vyake nilivipigilia mwenyewe. Nenda, nitakuelekeza."

"Lakini huoni, baba."

"Sihitaji kuona. Niliipima."

Wakaondoka. Mita mia mbili za kwanza miwani ya Saa Mbili ilijaa maji, na fundi huyu, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapa watu macho, hakuona gurudumu lake mwenyewe. Aliivua na kuitia mfukoni. Bila miwani aliona vizuri kidogo, yaani aliona rangi. Juu ya baiskeli ile walikuwa watu wawili, na ukikusanya macho yao yote pamoja hupati moja zima.

"Hapa panapanda," mzee alisema. "Kisha pinda kulia, penye mti."

"Hakuna mti."

"Wameukata? Basi pinda ulipokuwa."

Mwanzoni mzee alishika chuma cha kiti. Penye mawe akashika pindo la shati. Penye utelezi akamkumbatia mkwewe kiunoni kwa mikono yote miwili, akaegemeza shavu mgongoni kwake. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Wakapanda kilima. Saa Mbili alihema kama mashine iliyokosa mafuta. Kutoka nyuma sauti ikauliza, "Ndivyo unavyokwenda kila siku?"

"Siku za mvua."

"Na husikii baridi?"

Saa Mbili alikanyaga mara tatu au nne.

"Nasikia," alisema.

"Basi kwa nini unasema husikii?"

"Nikisema nasikia, itapungua?"

Mzee alilifikiria hilo mpaka kileleni. "La," alisema. "Haitapungua."

Walianguka mara moja, kwenye mteremko, taratibu sana, kama watu walioamua kukaa chini. Tope lilikuwa laini. Mzee alipoteza kiatu cha kushoto. Walipapasa kwa muda, mmoja asiyeona na mmoja anayeona rangi, na kiatu kilikuwa na rangi ya tope. Wakakiacha.

Saa nne kasoro dakika sita waliingia lango la hospitali. Muuguzi wa wodi ya macho, mwanamke mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwatazama kuanzia nywele hadi mguu usio na kiatu.

"Mmekuja na nini?"

"Baiskeli," alisema mzee, kabla mkwewe hajafungua mdomo.

Muuguzi hakuandika hilo. Mzee akasafishwa, akavalishwa gauni la kijani, akapimwa presha. Ilikuwa juu mno.

"Mzee, una wasiwasi?"

"Nimetoka kushuka kilima bila breki."

"Breki zilikuwepo, baba," Saa Mbili alisema kutoka mlangoni. "Zilikuwa zimelowa tu."

Waliambiwa wapumzike, presha ishuke. Hata hivyo hakuna haraka, kwa sababu daktari mwenyewe hajafika. Wagonjwa wengine watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Saa tano simu ya ukutani ililia. Muuguzi aliisikiliza, akaitikia mara kadhaa, akaiweka chini na kuwageukia.

"Daktari yuko kwenye foleni karibu na ghala la mbao. Anasema magari yameanza kugeuza kupita njia ya nyuma, lakini kuna gari limeachwa ukingoni, matako yakiwa barabarani, mengine hayapiti. Jeupe, refu. Mwenyewe hajulikani alikokwenda."

Saa Mbili alitazama sakafu. Mzee, ambaye alikuwa amelala chali, aligeuka polepole akauelekea ukuta.

"Wapo watu," alisema mzee kwa ukuta.

"Wapo," muuguzi alisema.

Saa Mbili aliinuka, akasema anakwenda kununua kiatu.

Alirudi kwa njia ile ile ya bomba, dakika ishirini. Mvua ilikuwa imezidi. Alipotokea nyuma ya ghala alikuta watu wamelizunguka gari la mkwewe wakijadili kulisukumia mtaroni, na dereva wa lori, gazeti kichwani, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Saa Mbili alilifungua gurudumu la mbele, akaitupa baiskeli ndani ya buti, akakaa kwenye usukani, akalitoa gari. Kila aliyepita alimpigia honi na kumwongezea neno. Gari dogo la buluu lilipunguza mwendo ubavuni pake, kioo kikashuka, na mtu mwenye miwani ya bei kali akapiga kelele:

"We bwana! Huna macho?"

Kisha akaondoka kwa kasi kuelekea hospitali.

Saa Mbili alichukua saa moja na dakika arobaini kuifuata njia hiyo hiyo ya nyuma akiwa amekaa mahali pakavu. Alipofika, mzee alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji, jicho la kulia limefungwa bandeji. Daktari alitoka akifuta mikono, akamwona, akasita.

"Tumeonana wapi sisi?"

"Kidogo tu, daktari."

"Baba yako ni mtu wa ajabu. Nilipokuwa nikimsafisha jicho alinieleza kwa nini lile bonde hujaa maji. Kurasa zote kumi na nne." Akatazama matope yaliyokauka kwenye shati la Saa Mbili, akaonekana kukaribia kukumbuka jambo, kisha muuguzi akamwita.

Asubuhi ya pili bandeji ilitolewa. Mzee alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hukuniambia."

Nje, alitembea mwenyewe hadi kwenye gari bila kushikwa. Alilizunguka lote. Aliisoma namba ya gari kwa sauti. Akafika nyuma, akainua kifuniko cha buti, akaikuta baiskeli imelala juu ya blanketi lake, tope limechafua kila kitu.

"Tairi," alisema.

"Mawili, baba."

Mzee alifunga kifuniko, akajaribu kukikaza, akaona hakikazi, akafunga kamba mwenyewe kwa fundo zuri la mpima ardhi.

Wiki sita baadaye daktari alimwambia anaweza kuendesha. Jioni hiyo hiyo alifika kwa binti yake kwa miguu, akaketi, akanywa chai, akasema, "Sasa naona. Nipe ufunguo."

Saa Mbili aliutoa mfukoni upesi kiasi kwamba mzee aliukagua kwanza kabla ya kuupokea. Mwalimu wa hesabu alikwenda jikoni, vyombo vikasikika vikiwekwa kwa nguvu kuliko kawaida. Baba yake alimfuata. Walizungumza huko kitambo, kwa sauti za chini, na walipotoka hakuna aliyesema walichozungumza. Mzee aliaga, akampa mkwewe mkono wote, akaondoka na gari lake, akilikwepa geti vizuri kabisa.

Asubuhi ya Alhamisi mvua ilinyesha tena. Saa Mbili alikuwa mlangoni akifunga mifuko ya nailoni viatuni pale mkewe alipokuja na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na koti la mvua la wafanyakazi wa barabara, la rangi ya machungwa, zito, lenye kofia na bitana ya sufi.

"Baba kasema unasikia baridi," alisema mkewe.

"Kasema hivyo?"

"Kasema ulimwambia. Miaka kumi na sita nimelala na mtu, nasikia habari zake kwa baba yangu."

Saa Mbili alilivaa koti. Lilikuwa na joto, na lilikuwa refu. Pindo lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alipanda baiskeli pale barazani kulijaribu, na mnyororo ukaling'ata mara moja.

"Shuka," mkewe alisema. Akaingia ndani, akarudi na mkasi na rula ya darasani. Akapiga magoti sakafuni, akapima kutoka chini, akatia alama kwa chaki, akaanza kukata. Mvua ilipiga bati. Saa Mbili alisimama wima, mikono imenyooka pembeni, akitazama barabara.

"Utachelewa," mkewe alisema bila kuinua kichwa.

"Kata tu."

"Basi geuka."

Akageuka.